Mwangalie miguu kwanza: namna ya kujifunza ukipa kutoka kwa Neville Southall

Makipa ninaowanoa huniletea simu zilizojaa video za kipa akiwa angani, mkono umenyooka, mpira unagusa ncha ya kidole. Huwa nawaambia wazifute. Kipa akishakuwa angani, sehemu kubwa ya kazi yake imekwisha. Kilichompeleka kule kilitokea nusu sekunde kabla, chini kwenye nyasi, na video nyingi za namna hiyo zimekatwa mahali hapo hapo. Ukitaka kujifunza ukipa kwa kutazama, chukua mtu mmoja, umfuate tangu ujana wake hadi alipotundika glovu, na utafute vipande virefu vinavyoonyesha shambulizi tangu linaanza.

Mimi nawapa Neville Southall, kipa wa Wales na Everton. Sababu yangu ya kwanza ni kwamba hakulelewa kwenye akademi ya klabu kubwa. Alizaliwa Llandudno, kaskazini mwa Wales, mwaka 1958. Kabla ya kulipwa kwa kudaka alibeba taka na alibeba matofali kwenye ujenzi, huku akichezea timu za chini kama Bangor City na Winsford United. Klabu ya Bury ilimsajili mwaka 1980 kwa pauni 6,000, na mwaka uliofuata Howard Kendall, kocha wa Everton, akampeleka Everton kwa pauni 150,000. Kwa hiyo kijana wa miaka 18 anayeniambia amechelewa, namwonyesha tarehe hizo kisha namrudisha golini.

Usianze na mechi zake nzuri. Anza na Novemba 6, 1982, Goodison Park, Liverpool walipoichapa Everton 5-0 na Ian Rush akafunga manne. Everton walibaki kumi baada ya beki wao Glenn Keeley kutolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na hilo utalizingatia, lakini kazi yako ni nyingine. Chukua daftari. Kwa kila bao andika mistari mitatu tu: kipa alikuwa wapi mpira ulipopigwa, miguu yake ilikuwa imetulia au inatembea, na je, kulikuwa na hatua moja aliyoweza kupiga mapema zaidi. Usiandike "kosa la kipa" wala "kosa la beki". Lawama ni za watu wa jukwaani.

Baada ya mechi ile alipoteza namba, na mapema mwaka 1983 alipelekwa kwa mkopo Port Vale, waliokuwa daraja la nne. Akadaka mechi 9, akarudi. Weka alama kubwa hapo kwenye daftari lako. Kipa anayepelekwa chini kwa mkopo hudhani ametupwa. Southall alirudi Everton, akatwaa Kombe la FA mwaka 1984, na msimu wa 1984-85 akatwaa ubingwa wa ligi na Kombe la Washindi barani Ulaya, walipoifunga Rapid Vienna 3-1 mjini Rotterdam. Mwaka huo huo waandishi wa habari za soka wa Uingereza wakamchagua mchezaji bora wa mwaka. Kipa kupewa tuzo hiyo si jambo la kila siku.

Sasa ndipo uingie kwenye kitu chenyewe. Tafuta mechi ya Aprili 3, 1985, Everton ugenini kwa Tottenham, White Hart Lane. Everton walishinda 2-1 na wakazidi kuusogelea ubingwa, lakini kinachokumbukwa ni kichwa alichopiga Mark Falco, mshambuliaji wa Tottenham, kutoka karibu na goli, ambacho Southall alikipangua juu ya mtambaa panya, yaani mwamba wa juu wa goli. Kitazame mara moja kwa raha yako. Halafu zima sauti, maana mtangazaji atakuambia cha kuona. Rudisha nyuma hadi kabla ya krosi, kisha weka kiganja chako kwenye kioo kufunika mpira. Ndiyo, ufunike mpira. Macho yetu yote hukimbilia mpira, na ukiwepo hutamwona kipa hata ukirudia mpaka asubuhi.

Mpira ukiwa umefunikwa, tembeza picha polepole na umwangalie kuanzia kiunoni kushuka chini. Simamisha pale kichwa cha mshambuliaji kinapogusa mpira. Jiulize kama visigino vimegusa chini au uzito uko mbele ya nyayo. Jiulize miguu imeachana kiasi gani, kwa sababu miguu iliyoachana mno haiwezi kusukuma mwili popote, na iliyobanana inakuangusha upande mmoja tu. Tazama kama mwili umekwishaanza kuegemea upande kabla mpira haujapigwa. Makipa wengi wa umri mdogo hukosea hapa: wanabahatisha, wakipatia tunapiga makofi, na kosa linajificha. Mikono iangalie mwisho kabisa.

Hesabu kidogo itakusaidia kuelewa kwa nini nang'ang'ania miguu. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa unakula mita 11 kwa takriban sekunde 0.4. Ndani ya muda huo huwezi kutengeneza mkao na kuruka pia. Mkao uwe tayari. Muda uliobaki ni wa kuruka tu.

Ukishafanya hivyo kwa kichwa cha Falco, nenda Wembley, Mei 20, 1995, fainali ya Kombe la FA dhidi ya Manchester United. Paul Rideout alifunga kwa kichwa kipindi cha kwanza, na Everton wakalinda bao hilo moja hadi mwisho. Southall alikuwa na miaka 36. Paul Scholes wa United aliingia kutoka benchi, akapiga, Southall akaokoa, mpira ukamrudia Scholes, akapiga tena, Southall akaokoa tena. Mimi ningempa kijana kipande hiki kimoja na kumnyang'anya vingine vyote.

Hesabu muda kati ya kuokoa kwa kwanza na kwa pili. Kisha tazama alivyoanguka mara ya kwanza na alivyojiweka tayari kwa mara ya pili. Kipa akianguka vibaya, kifudifudi, mikono chini ya tumbo, mpira wa pili unampita akiwa bado anatafuta mahali pa kushika. Akianguka ubavu, kifua kikiwa kimeelekea uwanjani na macho yakiwa juu ya mpira, mwili unabaki na kazi ya kufanya.

Zoezi lake ni rahisi, ila linachosha. Piga magoti mita 4 kutoka kwa mwenzako. Arushe mpira wa kwanza kando yako kwa chini, uupangue kwa kuanguka ubavu. Kabla hujasimama, arushe wa pili upande ule ule lakini juu zaidi. Ukishazoea, aanze kubadilisha upande bila kukuambia. Fanya mfululizo mfupi, pumzika vya kutosha, rudia. Ukianza kuinuka kwa kuegemea viwiko, acha kwa siku hiyo, kwa kuwa sasa unaufundisha mwili uvivu. Na usitumie shuti kali katika zoezi hili. Makocha wanaompiga kipa mashuti ya mita 5 kwa nguvu zote wanamfundisha kufumba macho tu.

Kuna kurasa mbili za daftari ambazo lazima zijazwe hata kama hazipendezi. Moja ni Machi 1986, Dublin, Wales dhidi ya Ireland: Southall aliteguka vibaya kifundo cha mguu, akakosa fainali ya Kombe la FA ya mwaka huo, na akarudi kuibeba Everton kwenye ubingwa wa 1986-87. Ya pili ni Novemba 17, 1993, Cardiff, Wales wakiitafuta tiketi ya Kombe la Dunia la 1994 mbele ya Romania. Shuti la mbali la Gheorghe Hagi lilimpita chini, Paul Bodin wa Wales akagonga mwamba kwa penalti, na Wales wakalala 2-1. Kwa bao la Hagi fanya kazi ile ile: funika mpira, simamisha picha, tazama miguu. Ukimfuata kipa kwa siku zake nzuri tu, utakuwa shabiki.

Usisahau mwaka 1992, sheria ilipomkataza kipa kudaka pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake. Southall alikuwa na miaka 33, na ikabidi ajifunze upya kazi aliyoizoea. Linganisha anavyopokea mpira kabla na baada ya hapo. Aliendelea Everton hadi kutimiza mechi 751, rekodi ya klabu, na akaichezea Wales mara 92.

Ukimaliza Southall, mchukue Wayne Hennessey, aliyeidakia Wales pia, mzaliwa wa Bangor, kaskazini kule kule. Mechi mbili zinatosha kuanzia. Ya kwanza ni Juni 5, 2022, Cardiff, Wales walipoifunga Ukraine 1-0 na kufuzu Kombe la Dunia. Ya pili ni Novemba 25 mwaka huo huo nchini Qatar dhidi ya Iran, dakika ya 86, alipotoka nje ya 18, yaani eneo lake la penalti, akamgonga Mehdi Taremi na kulimwa kadi nyekundu. Katika mechi ya Ukraine hesabu hatua anazopiga kabla ya kila shuti. Katika ya Iran rudisha picha hadi pasi ndefu inapoondoka mguuni kwa Muirani, halafu simamisha na uangalie kisigino cha Hennessey: kimeshaondoka chini, au bado?