Wakati Mzuri wa Kutembelea Msitu wa Mialoni wa Wales

Ukipata nafasi ya kutembelea msitu wa miti ya majani mapana nchini Wales, kwa mfano Coed Ganllwyd ulio kaskazini ya mji wa Dolgellau, jitahidi kwenda kati ya mwishoni mwa Aprili na katikati ya Mei. Wakati huo majani ya mialoni hayajakua vya kutosha kuziba anga, hivyo mwanga hufika chini na maua ya buluu yenye umbo la kengele huchanua kwa wingi. Baada ya wiki chache kivuli hutanda na maua hunyauka.

Usitembee haraka. Inama karibu na jiwe lolote lenye unyevu utazame vimea vya kijani vilivyolifunika kama zulia, kisha inua macho uone makangaga yaliyoota juu ya matawi yenyewe, kwa sababu mvua za huku ni nyingi mno na hewa haikauki. Ndege wadogo weusi wenye kifua cheupe wanaodaka wadudu hewani wamesafiri kutoka Afrika Magharibi kuja kutaga hapa, jambo ambalo kwangu mimi halichoshi kulifikiria.

Vaa buti zenye soli inayoshika vizuri, maana mizizi iliyolowa huteleza sana, na uchomeke suruali ndani ya soksi kwa ajili ya kupe. Tafadhali usitoke njiani: maua yale yakikanyagwa majani, huchukua miaka kurudia hali yake.