Kutuliza wasiwasi bila vidonge: anza kwa kutoa pumzi

Mtu akishikwa na wasiwasi huambiwa avute pumzi ndefu. Anavuta, na mara nyingi hali inazidi. Mwenye wasiwasi tayari anapumua haraka na juu juu, kwa hiyo akiongeza kuvuta anapoteza hewa ya ukaa kwa kasi kuliko mwili unavyoitengeneza. Hewa hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kichwani husinyaa. Hapo huja kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na kifua kubana. Mtu anaamini anakufa, anahema zaidi, na mzunguko unaendelea.

Kinachotuliza ni pumzi inayotoka. Unapotoa pumzi moyo hupunguza mwendo kidogo, unapovuta huongeza. Ukitoa kwa muda mrefu kuliko unavyovuta, unausaidia moyo upunguze mwendo.

Namna ya kupumua

Kaa kitini, nyayo zote mbili sakafuni, au lala chali juu ya mkeka na mto chini ya magoti. Weka mkono mmoja kifuani na mwingine juu ya kitovu. Kabla ya kuvuta chochote, toa pumzi iliyomo. Sasa vuta kwa pua ukihesabu polepole hadi 4, mkono wa tumboni uinuke na wa kifuani utulie. Toa kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama anayepuliza mkaa bila kurusha majivu, ukihesabu hadi 6. Mzunguko mmoja ni sekunde 10 hivi, yaani pumzi 6 kwa dakika. Endelea kwa dakika 5.

Ukipata kizunguzungu, unavuta hewa nyingi mno. Usibadilishe hesabu, punguza kiasi cha hewa. Ukihisi kukosa pumzi kabla ya kufika 6, anza na 3 kuvuta na 4 kutoa, kisha uongeze baada ya siku kadhaa. Mabega yakipanda, maana yake tumbo limekazwa: legeza mkanda au kitambaa kiunoni. Na achana na ule ushauri wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo anaweza kudhurika.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuingojea siku ya hofu ndipo ujaribu. Fanya asubuhi na jioni ukiwa umetulia, ili siku ya shida mwili uwe unaijua njia.

Misuli

Wako watu ambao kuhesabu pumzi kunawaongezea wasiwasi, kwa sababu wanaanza kujichunguza. Hao waanze na misuli. Mbinu hii ilitungwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, mwanzoni mwa karne ya 20, na bado inatumika karibu vilevile.

Kunja ngumi kwa sekunde 5 hadi 7, achia kwa mara moja, kisha sikilizia ulegevu kwa sekunde 20. Panda kwenye mikono ya juu, inua mabega kuelekea masikioni, finya uso, kaza tumbo, mapaja, halafu nyayo. Yote huchukua kama dakika 10 au 15. Kaza kiasi tu, si kwa nguvu zako zote. Ukikaza nyayo mno, miguu inaweza kukakamaa kwa maumivu. Usizuie pumzi wakati wa kukaza, hasa ukiwa na presha. Penye jeraha au maumivu, paruke.

Daftari na saa ya mawazo

Pumzi na misuli hutuliza mwili, lakini ada ya shule, deni la kikundi na majibu ya vipimo havijaondoka. Kujilazimisha usiyafikirie hakusaidii, maana wazo unalolifukuza hurudi. Lipe saa yake.

Chagua dakika 20, muda uleule kila siku, kwa mfano saa kumi na moja jioni. Usiweke saa za kulala wala usifanyie kitandani, kitanda kibaki mahali pa usingizi. Mchana wazo likija, liandike kwa maneno matatu tu, "ada ya Asha", kisha urudi kwenye kazi yako. Tumia karatasi. Simu ukiifungua kuandika, utakuta ujumbe wa anayekudai.

Saa ikifika, weka kengele ya dakika 20 na ugawe mawazo mafungu mawili. La kwanza ni yale unayoweza kuyafanyia kitu. Chagua moja tu, uandike hatua inayofanyika ndani ya saa 24. "Nilipe ada" si hatua. "Kesho saa tatu nimpigie mhasibu wa shule niombe kulipa kwa awamu" ndiyo hatua. Fungu la pili ni yale ya "itakuwaje kama". Yaandike yalivyo, usiyajibu. Kengele ikilia, funga daftari hata kama hujamaliza, maana ukiongeza dakika tano leo, kesho utaongeza saa.

Kuchagua shida moja na kuipangia hatua ndogo ndiyo kazi inayofanywa na mabibi wa Zimbabwe kwenye mabenchi nje ya zahanati, katika mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006. Hawana shahada ya saikolojia. Wamefunzwa kusikiliza na kumsaidia mtu apange hatua yake mwenyewe. Ukikwama na daftari, mtafute mtu wa namna hiyo: shangazi au mzee asiyekimbilia kutoa mawaidha.

Unachokunywa na kutafuna

Kahawa, chai kali, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, inayoongeza mapigo ya moyo na mtetemeko uleule wa wasiwasi. Kwa wengi, baada ya saa 5 hivi nusu yake bado imo mwilini, kwa hiyo kahawa ya saa kumi jioni inafika kitandani pamoja nawe. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu. Ukikata ghafla, kichwa kitakuuma. Mchaichai hauna kafeini na unafaa usiku.

Miraa, au mirungi, ni kichangamshi. Pombe hutuliza jioni na kuleta wasiwasi alfajiri. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila kumwona daktari, anaweza kupata degedege.

"Asili" nayo si sawa na "salama". Vidonge vya mmea wa hypericum (St John's wort), vinavyouzwa kama dawa ya asili ya huzuni, hupunguza nguvu ya baadhi ya ARV na ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Usikimbie

Kila ukikwepa unachokiogopa, unapata nafuu leo na hofu kubwa zaidi kesho. Ukiogopa daladala iliyojaa, andika ngazi: kusimama kituoni, kupanda lenye nafasi kwa kituo kimoja, kisha vituo vitatu, mwisho lile la saa mbili asubuhi. Anza na ngazi ambayo hofu yake ni 3 au 4 kati ya 10, ubaki hapo hadi ishuke walau nusu. Rudia ngazi ileile siku kadhaa kabla ya kupanda nyingine. Ukishuka hofu ikiwa kileleni, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikookoa.

Wakati wa kwenda hospitali

Maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au tayani, au kuzimia, usiyatibu kwa pumzi. Nenda mara moja. Kukonda, jasho jingi na mikono kutetemeka huweza kuwa dalili za ugonjwa wa tezi ya shingo. Upungufu wa damu na dawa za pumu pia hukimbiza moyo. Wasiwasi wa karibu kila siku kwa miezi sita unahitaji mtaalamu. Mwenye mawazo ya kujidhuru apelekwe siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Na kama tayari unatumia diazepam au dawa nyingine ya wasiwasi, usiache mwenyewe kwa sababu mazoezi haya yamekusaidia. Hupunguzwa taratibu, kwa ratiba ya daktari.