Somo: Namna ya kuandaa kikao cha vijana cha kutengeneza wenyewe nguo zao zilizoharibika

Kila mwezi naulizwa jinsi ya kuwavuta vijana watengeneze nguo badala ya kuzitupa, na kila mara nimekuwa nikiandika jibu lile lile. Leo naliandika mara moja kwa ukamilifu, na naomba lisomwe hadi mwisho kabla ya swali kuulizwa. Naliandika kutokana na vikao ninavyoviendesha Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mtaa hapa Majengo, Mombasa, kwa vijana wa miaka 15 hadi 24.

Hatua ya 1. Tafuta mahali penye mwanga na upepo.

Hatua ya 2. Andaa sindano za mkono, nyuzi za rangi tatu au nne, pini, pasi, mikasi ya kitambaa isiyotumiwa kukatia karatasi, na cherehani moja. Cherehani hiyo moja yawatosha watu 12, kwa sababu kazi nyingi za mwanzo ni za mkono.

Hatua ya 3. Mwambie kila kijana aje na nguo moja anayoipenda, iliyofuliwa, yenye kasoro moja tu: jinzi iliyolika mapajani, buibui lililochakaa pindo kwa kuburura chini, au fulana iliyofumuka kwapani. Sharti la kuipenda msilipuuze. Mshindani wetu mkubwa ni rundo la mitumba la soko la Kongowea, ambako fulana nyingine hupatikana kwa bei inayokaribia nauli ya matatu, na kijana hatahangaika na sindano kwa ajili ya nguo asiyoijali.

Hatua ya 4. Mwache ashone mwenyewe. Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hilo lilinigharimu miezi. Katika kikao changu cha kwanza niliwaalika mafundi wawili hodari, nikiamini kwamba vijana wangejifunza kwa kuwatazama. Vijana 20 waliweka nguo zao mezani, wakarudi kwenye viti na simu zao, na mafundi wakashona hadi magharibi huku mmoja wa vijana akiniuliza ni saa ngapi aje kuichukua suruali yake. Jumamosi iliyofuata walirudi wanne, na wote wanne walikuwa wameleta nguo za mama zao. Nilikuwa nimewafanya wateja. Kwa hiyo nawatahadharisha mambo matatu. Kwanza, usimpokonye kijana sindano hata kama mshono wake umepinda; keti kando yake na kitambaa chako mwenyewe, umwonyeshe pole pole, kisha umwache aufumue na kuurudia akitaka. Pili, aanze na mpasuko usiozidi urefu wa kidole, kwani anayeanza na zipu huishia kukata tamaa. Tatu, nguo isilale ukumbini, kwa maana kijana aliyeacha kazi nusu mara nyingi harudi kuimalizia.

Hatua ya 5. Kiraka kionekane. Wengi wetu tumelelewa kukificha kiraka kwa kuwa kilikuwa alama ya ufukara, lakini kijana akichagua mwenyewe kipande cha leso (kanga) chenye rangi kali na kukishona gotini, ataivaa suruali hiyo kwa fahari, na wenzake watamuuliza ameipata wapi.

Hatua ya 6. Ayaondoe mabaki ya uzi, aipige pasi, aondoke ameivaa.

Mazungumzo kuhusu mazingira yaje wakati mikono ina kazi, wala yasitangulie kama hotuba. Mimi huwaeleza kwamba fulana moja ya pamba hukadiriwa kutumia takriban lita 2,700 za maji, tangu shambani hadi dukani. Katika mji ambao wengi wetu twanunua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwenye mikokoteni, hiyo ni mitungi 135, na wao wenyewe huifanya hesabu kabla sijamaliza kusema. Kisha huwaeleza kwamba poliesta hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, na kwa hiyo shati la poliesta likitupwa jaani Mwakirunge halitaoza kama pamba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwana wa Tudor: Je, si afadhali kumwita fundi awasaidie ili kazi iende haraka?

Jibu: Hatua ya 4 imelijibu swali hili. Tafadhali isome.

Mkaazi wa Mwembe Tayari: Naona mnawaharibia mafundi riziki yao.

Jibu: Sivyo, na nimelifikiria jambo hili zaidi ya unavyodhani. Fundi anayekuja kufundisha kwetu hulipwa kwa siku nzima. Isitoshe, tundu dogo ambalo kijana sasa analiziba mwenyewe halikuwa likifika kwa fundi hata hapo awali. Nguo ilikuwa ikitupwa. Wanaopenda nguo zao ndio wanaompelekea fundi kazi kubwa, kama kubana shati au kuigeuza suruali iwe sketi.

Dada wa Likoni: Shikamoo mwalimu. Nilitia kiraka cha leso mpya kwenye jinzi, kikapendeza, lakini baada ya kufuliwa kilijikunyata na kuivuta suruali yote. Nilikosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza vyema, nami niliharibu suruali mbili kabla ya kujua. Leso mpya ina wanga, na pamba yake hurudi inapofuliwa, ilhali jinzi yako ilikwisha kurudi zamani. Ifue leso peke yake mara mbili kabla ya kuikata, ili pia uone kama inachuja rangi, kisha uianike na kuipiga pasi. Kata kiraka kivuke tundu kwa vidole viwili kila upande, hadi kifike kwenye kitambaa kilicho imara, na uviringe pembe zake zisije zikainuka. Kipige bandi kwanza, yaani ukishikize kwa mishono mirefu ya muda, uvae suruali na ukae kitako. Kisipovuta, ndipo ukishone.

Mwana wa Tudor: Basi nitumie leso ya zamani?

Jibu: Ndiyo, na hilo ni wazo zuri kuliko langu. Bibi zetu waliifanya leso iliyochakaa kuwa mbeleko, kisha nepi, na mwisho tambara la jikoni. Wakati Martine Postma alipoanzisha vikao vya ujirani vya kutengeneza vitu vilivyoharibika mjini Amsterdam mwaka 2009, nyumba nyingi za huku zilikuwa na desturi hiyo tayari.

Kaka wa Kisauni: Vipande vinavyobaki tuvifanyie nini?

Jibu: Mifuko ya sokoni, ambayo yahitajika tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi Agosti 2017. Vilivyo vidogo mno jazeni mito.

Dada wa Likoni: Cherehani yetu hukata uzi kila tukifika kwenye pindo la jinzi.

Jibu: Weka sindano namba 16, kwani namba 11 ni ya vitambaa vyepesi, na kwenye tabaka nene zungusha gurudumu kwa mkono. Iangalie cherehani pia kama ina kutu, maana upepo wetu wa chumvi huila haraka. Itie mafuta ya cherehani kila baada ya kikao, kisha ushone tambara bovu hadi lisitoke tena na doa kabla ya kugusa nguo ya mtu.