Kugeuza maelezo ya mteja yawe data ya mfumo
Chukua sentensi ya wakulima wa zabibu kule Hombolo: "Mzigo ukizidi kilo 50, karani ataupima mara mbili." Kwanza kata sentensi ndefu, kila moja ibaki na wazo moja. Halafu skripti yako (programu fupi unayoiandika) itoe nani, anafanya nini, kwa kitu gani na kwa sharti gani, iweke kwenye JSON, yaani maandishi yaliyopangwa kwa jozi za jina na thamani ili kompyuta iyasome. Hapa Kiswahili kinatubeba sana aisee, maana ile -ki- ya "ukizidi" ndo sharti lenyewe na -u- ya "ataupima" inarudi kwa mzigo, ila chunga, -ki- ikikaa baada ya -na- kama "anakipima" hiyo ni kitu, labda kikapu, sio sharti. Ukikuta neno lisilo na kipimo kama "haraka", mrudie mteja akupe sekunde ngapi.