Jinsi ya Kutambua Masalia ya Migodi na Ufugaji katika Ramani za Nevada

Anayetaka kujua ni nani waliofanya kazi zamani katika jangwa la juu la Nevada na achukue ramani ya USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, ya kipimo cha 1:24,000, kisha aanze na barabara kabla ya alama. Barabara ya mgodi hupanda mlima kwa kona nyingi na kukomea ghafla mahali ambapo mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, imesongamana, kwa kuwa mchimbaji hufuata mwamba wenye madini popote ulipo. Njia ya mfugaji aghalabu hubaki bondeni, ikitoka penye maji kwenda penye maji.

Barabara ya mgodi inapokomea, tafuta alama nyeusi. Sululu mbili zilizopishana ni machimbo ya wazi, mraba mdogo uliojazwa wino nusu ni shimo la kwenda chini, na alama inayofanana na herufi Y ni mlango wa handaki. X ni mahali palipochimbwa kwa kubahatisha, nazo ni nyingi, kwani sheria ya madini ya 1872 iliwaruhusu watafutaji kujiwekea madai ya haki ya kuchimba katika ardhi ya umma. Binafsi huziona X hizo kuwa ramani ya matumaini kuliko ya utajiri.

Kwa upande wa ufugaji, fuata rangi ya buluu na majina: Spring ni chemchemi, Well ni kisima, na Corral ni zizi. Mistari myekundu iliyonyooka, inayoigawa nchi katika miraba ya takriban maili 1 kila upande, isikudanganye ukadhani ni ua wa malisho. Hiyo ni mipaka ya upimaji wa ardhi. Palipo na chemchemi chini ya mgodi usiharakishe kuamua, kwa sababu kinu cha kusaga mawe kilihitaji maji kama ng'ombe walivyoyahitaji.

Linganisha pia na matoleo ya zamani, ambayo USGS huyatoa bure kwenye intaneti, kwa kuwa ramani mpya zilizoanza kutolewa 2009 zimeacha alama nyingi za aina hii. Ukienda kuhakikisha kwa macho, usiukaribie mraba ule ulio nusu mweusi: mbao zinazofunika mashimo ya zamani huoza, na ukingo wake huweza kumomonyoka chini ya miguu.