ALS: ya kuandaa kabla ya kuonana na bingwa, na kabla ya kusaini fomu ya utafiti

Kaka yangu ni fundi cherehani, na ugonjwa wake ulianzia kwenye mkasi. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikosa nguvu ya kukata kitenge kilichokunjwa mara mbili. Alidhani ni uchovu wa kazi za sikukuu. Kuanzia siku hiyo hadi daktari alipotamka jina la ALS ulipita mwaka mmoja na miezi miwili, na katikati hapo tuliambiwa ni baridi, ni gauti, ni mifupa ya shingo, ni kiharusi kidogo. Hata Ulaya na Marekani, kwenye mabingwa wengi na mashine za kutosha, mgonjwa wa ALS kwa kawaida hukaa karibu mwaka mzima kabla ya kujua anaumwa nini. Kwetu mabingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache, na wengi wao wako kwenye miji mikubwa. Kwa hiyo naandika yale ambayo familia inaweza kuyashughulikia yenyewe mapema, maana ugonjwa huu haumsubiri mtu.

ALS huharibu mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kwenda kuendesha misuli. Msuli usiopata amri hudhoofu, hunywea, mwisho hulala kabisa. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mwaka 1869, na hadi leo hauna dawa ya kuuponya. Wagonjwa wengi huishi kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili ya kwanza, ingawa wapo wanaovuka 10. Mwanafizikia Stephen Hawking aliambiwa anao mwaka 1963, akafariki 2018. Ni ugonjwa adimu: Ulaya hupatikana kama wagonjwa wapya 2 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Daktari wa zahanati asipoutambua si ajabu. Huenda hajawahi kuuona.

Kabla ya nauli na kabla ya barua ya rufaa, tafuteni tarehe. Namaanisha siku ambayo nguvu zilipungua kwa mara ya kwanza, ambayo mara nyingi iko mbali sana na siku mliyokwenda hospitali au siku mgonjwa alipoanguka. Kaeni naye, mkumbuke kwa matukio: ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada? Wakati wa mavuno? Kwenye arusi ya nani alishindwa kufunga vifungo vya shati? Lini kandambili ilianza kumvuka mguuni bila yeye kujua? Lini ufunguo ulianza kumshinda kwenye kufuli? Misuli kuchezacheza na kukaza usiku iandikeni pembeni na tarehe zake, ila msizichanganye na tarehe ya udhaifu. Sisi hatukuandika chochote. Tulipokuja kuulizwa na watu wa utafiti, kila mtu nyumbani alikuwa na mwezi wake.

Baada ya hapo fungueni daftari moja. Kila mwezi mgonjwa aandike jina lake humo, kwenye daftari lilelile. Mchukueni video fupi akitembea, akipanda ngazi, akihesabu moja hadi ishirini kwa pumzi moja. Mpimeni uzito. Bingwa anahitaji kuona kwamba hali inazidi, na mwandiko unaoharibika mwezi hadi mwezi unamweleza mengi kuliko sisi tunapobabaika mbele yake.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye matumaini yanayosahaulika. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema huyu ana ALS. Mwaka 2019 mabingwa walikutana Gold Coast, Australia, wakakubaliana vigezo rahisi zaidi: udhaifu unaoendelea kuzidi kwa mtu aliyekuwa mzima, dalili za kuharibika mishipa ya fahamu ya juu (inayotoka ubongoni) na ya chini (inayotoka uti wa mgongo kwenda kwenye misuli) katika sehemu moja ya mwili, au ya chini peke yake katika sehemu mbili, na vipimo vilivyoondoa magonjwa mengine. Hilo la mwisho msilipitie haraka. Yapo magonjwa yanayofanana na ALS na yanatibika. Kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu ya mikono na miguu ambao hupata nafuu kwa dripu za kingamwili. Kuna myasthenia gravis, ambayo huchosha macho, kumeza na sauti, nayo ina dawa. Kuna upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, uti wa mgongo uliobanwa. VVU pia vinaweza kuleta hali inayofanana sana na ALS, na baadhi ya wagonjwa hao wamepata nafuu kwa ARV. Anayetoka kwenye maeneo ya mihogo michungu aeleze jinsi mihogo inavyoandaliwa kwao, maana konzo, ugonjwa unaoletwa na sumu ya mihogo isiyoandaliwa vizuri, nayo hukakamaza miguu, ingawa huja ghafla na haiendelei kuzidi kama ALS. Kwa hiyo ulizeni bila aibu: vipimo hivi vyote vimefanyika? Na kama malalamiko makubwa ya mgonjwa ni ganzi, mwambieni daktari waziwazi, kwa sababu ALS kwa kawaida haileti ganzi.

Jingine limewaumiza wengi. MRI ya shingo ya mtu mzima mara nyingi huonyesha pingili zilizochakaa. Kabla ya kukubali upasuaji wa shingo, ulizeni kama kipimo cha EMG kimefanyika. Wapo wagonjwa wa ALS, duniani kote, waliopasuliwa bure kwa sababu picha ilionyesha kitu na hakuna aliyeuliza zaidi.

EMG yenyewe hupima umeme wa misuli kwa sindano nyembamba. Inauma kiasi, inavumilika. Siku hiyo mgonjwa asijipake mafuta, na aseme kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda au ana betri ya moyo. Mkitoka ombeni ripoti nzima yenye namba, siyo mstari wa mwisho tu. MRI ichukueni kwenye CD. Nakala mbili, moja ibaki nyumbani. Na kama mmepita kwa mganga, semeni, mtaje na mizizi aliyotumia. Riluzole, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 na inayorefusha maisha kwa takribani miezi 2 au 3, huhitaji ini kuangaliwa kwa vipimo vya damu. Dawa za kienyeji zinazofichwa humfanya daktari asijue ini limeguswa na nini.

Sasa utafiti. Jina la ugonjwa likishapatikana, familia hukimbilia intaneti usiku huohuo. Nasi tulifanya hivyo. Daftari la tafiti la Marekani, ClinicalTrials.gov, na lile la Afrika, PACTR, ni ya bure na yanaonyesha tafiti zinazoandikisha wagonjwa. Ila someni kwanza masharti. Tafiti nyingi za ALS huchukua watu ambao udhaifu wao ulianza ndani ya miezi 18, 24 au 36 iliyopita, na ambao pumzi yao bado haijashuka chini ya asilimia 50 au 60 ya inayotarajiwa kwa mtu mwenye afya. Ndiyo maana nimeanza na tarehe, na ndiyo maana kipimo cha pumzi kifanywe mapema hata kama mgonjwa hahemi kwa shida. Tuliandikia kituo kimoja cha nje, wakajibu kwa upole mkubwa kwamba muda ulikuwa umepita. Msibadilishe tarehe ili mgonjwa apokelewe. Mtakuwa mmeharibu jibu ambalo wagonjwa wengine wanalisubiri.

Ulizeni pia historia ya ukoo: nani alikufa akipooza taratibu, nani alibadilika tabia na akili akiwa bado mtu wa makamo. Takribani mgonjwa 1 kati ya 10 ana ndugu mwenye ugonjwa huu. Dawa ya tofersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ni kwa wenye hitilafu ya jeni (chembe ya urithi) iitwayo SOD1 tu, na hao ni kama 2 katika kila wagonjwa 100.

Kabla ya kusaini, familia ielewe dawa bandia, yaani ile inayofanana na dawa lakini haina dawa ndani, inayotolewa ili kulinganisha. Kompyuta hupanga kama kura nani apate dawa na nani apate bandia, wala daktari hajui nani amepata nini. Utafiti wa HEALEY, ulioanza Marekani mwaka 2020, hupima dawa kadhaa kwa pamoja na kugawana kundi la dawa bandia, hivyo katika kila watu 4, watatu hupata dawa yenyewe. Msidhani aliyepata dawa bandia ameibiwa. Dawa iitwayo Relyvrio iliidhinishwa Marekani Septemba 2022 baada ya utafiti wa watu 137. Utafiti mkubwa wa watu 664 ulipotoa majibu Machi 2024, dawa haikuwa na tofauti na ile bandia, na mwezi uliofuata ikaondolewa sokoni. Watu walikuwa wameilipia, wameiombea.

Maswali ya kuuliza ni haya: nani analipa nauli na malazi, mgonjwa atakwenda kituoni mara ngapi, atachomwa sindano ya mgongo, akiumia nani atamtibu, damu yake itasafirishwa wapi, na utafiti ukiisha dawa itaendelea? Fomu isomwe kwa Kiswahili, nyumbani, kwa siku kadhaa. Tanzania Bara utafiti wa dawa hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ombeni kuona kibali. Anayewadai mamilioni ili achome chembechembe za shina (stem cells) anafanya biashara, hata kama jina lake liko kwenye daftari la tafiti, maana kuorodheshwa siyo kuidhinishwa.

Wakati mnasubiri majibu, yapo ya nyumbani yasiyosubiri. Chakula kilainishwe mgonjwa akianza kupaliwa. Akiamka na kichwa kinauma, au akishindwa kulala chali, pumzi ipimwe upya. Na sauti irekodiwe mapema, ingali yake. Kaka yangu tulimrekodi kwa simu akiwa bado anaongea vizuri: majina ya watoto, salamu, "naomba maji", "nigeuze". Mwishoni akaongeza mwenyewe vipimo vya suruali, kiuno, paja, urefu, kama anavyomsomea mwanafunzi wake pale kibandani.