Paleti, miche na kuni: mambo ya kuzingatia kabla mdudu mgeni hajafika msituni

Ni nadra mdudu mgeni wa misitu kuvuka bahari kwa mbawa zake. Huja ndani ya mbao za paleti, chini ya gome la gogo lililokazia mashine kwenye kontena, au ndani ya jani la mche ulionunuliwa kwa bei nafuu. Vidukari vya misaipresi viliingia Kenya mwaka 1990. Mwaka 2002 nyigu mdogo wa mikaratusi, Leptocybe invasa, mwenye asili ya Australia, aligunduliwa magharibi mwa nchi. Hakuna kati ya hao aliyewahi kung'olewa. Tumebaki kuishi nao. Mombasa ndiyo mlango wa mizigo ya Kenya na ya majirani zetu wa bara, hivyo mwenye yadi Changamwe, mwenye kitalu Bamburi na mwenye shamba la mivinje Kwale au Kilifi wote wana kazi ya kufanya mapema, wakati miti bado ni mizima.

Tuanze na mbao za kufungia mizigo, kwa sababu ndizo zinazopuuzwa kuliko vyote. Mwaka 1996 mbawakawa wa pembe ndefu kutoka Asia aligunduliwa kwenye miti ya mitaani New York, na njia inayoaminika aliingia nayo ni mbao za aina hii. Kanuni ya kimataifa inayozisimamia ni ISPM 15. Inataka mbao ziondolewe magome, kisha zitibiwe. Tiba ya kawaida ni joto: nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, zikipimwa katikati ya ubao. Kosa la kawaida kwenye tanuri ni kupima joto la hewa na kuliacha lile la kiini. Hewa hufika nyuzi 56 haraka, lakini ubao mnene huchelewa sana, na mabuu hukaa humo ndani kabisa. Jua la Mombasa, hata la kaskazi, halikifikishi kiini cha ubao kwenye kiwango hicho. Kuanika paleti uwanjani hukausha maji tu.

Kabla ya kupokea kontena au kununua paleti za mtumba, tafuta muhuri. Una alama ya suke la ngano pamoja na herufi IPPC, herufi mbili za nchi (za Kenya ni KE), namba ya mtengenezaji, na herufi za tiba: HT kwa joto, MB kwa gesi ya methili bromaidi. Muhuri uwe umechomwa au kupigwa kwa wino usiofutika, si karatasi iliyobandikwa. Kisha tazama magome. Vipande vyembamba chini ya sentimita 3 vinaruhusiwa hata vikiwa virefu. Kipande kipana zaidi ya hapo kisizidi sentimita 50 za mraba. Ukiona gome pana limebaki, inua ncha yake kwa kisu uangalie chini yake, kwani hapo ndipo mabuu hupita na kuacha mifereji. Plaiwudi na ubao usiozidi milimita 6 haviguswi na kanuni hii.

Muhuri peke yake hautoshi, na hili tunalisisitiza kwa mafundi seremala. Paleti hukarabatiwa. Ubao mmoja uliovunjika hubadilishwa kwa ubao wowote uliopo, na muhuri wa zamani ukabaki ukiusemea ubao mgeni. Kanuni inataka kila ubao wa kiraka uwe umetibiwa na uwe na alama yake, au paleti nzima irudishwe kwenye tiba. Zaidi ya theluthi moja ikibadilishwa, alama zote za zamani zifutwe, paleti itibiwe upya na kupigwa muhuri mpya. Kwa hiyo tazama rangi: ubao mweupe mpya kati ya mbao za kijivu ndio wa kukaguliwa kwanza. Hatari kubwa zaidi ni magogo ya kukazia shehena ndani ya meli na makontena. Nayo yako chini ya kanuni hiyohiyo, lakini ni manene, mara nyingi yana magome, na hugawiwa bure kama kuni. Mtu akikupa, uliza yametoka wapi na uone muhuri kabla hujayapakia kwenye mkokoteni.

Matundu husema mengi. Tundu la duara lenye upana wa milimita 10 hivi ni njia ya kutokea mbawakawa mkubwa. Matundu yasiyofika milimita 1 yanaweza kuwa ya watobozi wadogo wanaobeba kuvu wao wenyewe na kuupanda ndani ya mti. Mmoja wao alitambuliwa Afrika Kusini mwaka 2017, na tangu hapo ameua miti ya mitaani na ya bustani, miparachichi ikiwamo kwenye orodha ya anaoishi ndani yao. Kujua kama mdudu bado yumo, futa vumbi lote, tandika karatasi nyeusi chini ya ubao, uache kwa siku nzima. Unga mpya ukianguka, yumo. Unga uliokolea rangi ndani ya tundu kuukuu waweza kuwa wa miaka iliyopita.

Ukipata unga mpya au buu hai, usiukimbize ubao nje ya yadi. Huo ndio wakati watu huharibu: huuza haraka kama kuni, na mdudu akapelekwa Mariakani au mpaka ukingoni mwa msitu wa kaya kwa nauli ya mteja. Funika kwa nailoni nzito, funga kingo zote, weka mbali na miti hai, kisha uarifu KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, lenye wakaguzi hapa bandarini. Kuchoma moto kusubiri mpaka sampuli ichukuliwe, maana majivu hayatambuliki.

Kwa miche, hesabu kurudi nyuma kutoka masika. Kama utapanda katikati ya Aprili, miche iwe imefika mwisho wa Februari, ikae wiki 6 mahali pake peke yake, mbali na kitalu kikuu, ikiwa na ndoo na mkasi wake. Nyigu wa mikaratusi hutaga ndani ya mshipa wa kati wa jani, kwenye kikonyo na kwenye shina changa. Mche wenye mayai huonekana safi siku ya kununua; vinundu hutokea wiki za baadaye, na nyigu kamili huchukua kama miezi minne kutoka. Usipokuwa na subira, utapanda ugonjwa kwa mikono yako. Miche yenye vinundu ichomwe pamoja na udongo wa viriba vyake, isitupwe jaani. Miche au mbegu kutoka nje ya nchi inahitaji kibali cha KEPHIS kabla haijapakiwa huko, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka. Kibali cha kutafutwa baada ya mzigo kufika hakisaidii kitu.

Mivinje inastahili mashaka ya pekee, kwa kuwa pwani tumeipanda kwa wingi, mara nyingi peke yake shamba zima. Ugonjwa wa kuvimba gome husababishwa na kuvu aitwaye Trichosporium vesiculosum. Majani huwa manjano na kunyauka, gome huvimba na kupasuka, na ndani ya malengelenge hutoka unga mweusi wa spora unaochukuliwa na upepo. Ukiuona, usilikwangue gome kwa panga ili "kuona vizuri". Utakuwa umerusha spora kwa jirani. Weka alama kwenye mti, ukate siku isiyo na upepo mkali, uchome hapohapo, ung'oe kisiki. Kwa kuwa mizizi ya mivinje hugusana, chimba mtaro unaokata mizizi nje ya mstari wa kwanza wa miti inayoonekana mizima, si mbele ya mti mgonjwa peke yake. Palipokufa panda mti wa jamii nyingine.

Kuvu huingia kwa urahisi kupitia vidonda, kwa hiyo panga na mkasi viandaliwe kabla ya kuingia shambani. Sugua udongo na utomvu kwanza kwa brashi, maana dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha tumbukiza kwenye jiki: dawa ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, hutoa asilimia 0.5. Ichanganye siku hiyohiyo, kivulini, kwani jua huimaliza nguvu, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi. Inakula chuma, hivyo suuza na upake mafuta jioni. Ukitoka mti mmoja kwenda mwingine, spiriti ya asilimia 70 ni rahisi zaidi, mradi hakuna moto karibu.

Mikoko ni habari nyingine. Milana, aina mojawapo ya mikoko, huko Gazi na sehemu nyingine za pwani imetobolewa na mabuu ya nondo na ya mbawakawa wa huku kwetu, na matawi hufa kuanzia ncha. Andika, piga picha, toa taarifa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kituo cha Gede, au Huduma ya Misitu; usipulize dawa. Maji yakijaa yatabeba sumu mpaka kwa kaa na samaki, na buu lililo ndani ya tawi halitaguswa. Hilo la mwisho ni kweli hata nchi kavu: dawa ya kupuliza juu ya gome haimfikii aliyekwisha kutoboa.

Weka tayari mfuko wa sampuli: chupa ndogo zenye mfuniko na spiriti ya asilimia 70 kwa wadudu, mifuko ya karatasi kwa vipande vya gome na matawi, penseli, kisu, na sarafu ya kuweka kando ya tundu unapopiga picha. Mfuko wa nailoni huozesha sampuli ya ugonjwa kabla haijafika maabara. Kwa kila sampuli andika tarehe, aina ya mti, mahali, na kimo cha tundu kutoka ardhini. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, kwa hiyo andika kwa penseli na uitie karatasi ndani ya chupa. Ukisubiri majibu, usikate, usisafirishe kuni wala fito kutoka shamba hilo, na ukague miti ya pembeni kila wiki, ukianzia upande upepo unakoelekea.